Siku Thelathini za Kwanza Baada ya Kupoteza Kazi

Mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania anayepoteza ajira bila kupenda kwake anaweza kulipwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, kwa miezi sita huku akitafuta kazi nyingine. Haki hiyo imo katika sheria tangu 2018. Inaitwa fao la kukosa ajira, na wengine huiita fao la upotevu wa ajira. Bado watu wengi wanaikosa, na kwa sehemu kubwa hawaikosi kwenye dirisha la NSSF. Wanaikosa wiki kadhaa kabla, ndani ya ofisi ya mwajiri, pale wanaposaini karatasi ambayo hawakuisoma, au wanapoondoka kwa hasira bila karatasi yoyote mkononi. Kwa hiyo makala haya yanaanzia kwa mwajiri, na NSSF tutafika baadaye.

Soma barua kabla ya kusaini

Masharti ya fao hili si mengi. Mwombaji awe raia wa Tanzania. Awe hajafikisha miaka 55, maana kuanzia hapo sheria inamhesabu kama mtu anayeweza kustaafu kwa hiari. Awe hana kazi nyingine. Akitaka malipo ya kila mwezi, awe amechangia angalau miezi 18. Na ajira yake iwe imekoma kwa sababu nyingine yoyote isiyokuwa kuacha kazi kwa hiari yake.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaangusha watu, na waajiri wasio waaminifu wanalijua. Kampuni ikianza kuyumba, meneja huita wafanyakazi mmoja mmoja na kuwaambia kwa sauti ya upole kwamba ni heri waandike barua za kujiuzulu wenyewe: watapewa utambulisho mzuri, watalipwa haraka, majina yao hayatachafuka. Mtu mwenye ada ya shule mbele yake na kodi ya nyumba inayokaribia husaini. Kwa saini hiyo moja ameacha fao la NSSF, ameacha notisi ya mwajiri, na ameacha kiinua mgongo. Mwajiri ameokoa fedha, na gharama yote imehamia kwa mtu aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote wa kuibeba.

Hakuna sababu ya kumsaidia mwajiri kwa njia hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mwajiri kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi, lakini imemwekea utaratibu. Anatakiwa kutoa taarifa mapema ya nia yake, kueleza sababu, na kushauriana na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kuhusu njia za kuepuka upunguzaji huo, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, wakati wa kufanya hivyo na malipo yatakayotolewa. Ukiitwa peke yako ofisini na kuwekewa mezani barua ya kujiuzulu iliyokwisha kuandikwa, utaratibu huo umerukwa. Unaweza kusema kwa heshima: "Naomba nikaisome nyumbani, nitarudisha jibu kesho." Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini hapo hapo.

Mara nyingine karatasi haisemi kujiuzulu. Inasema "makubaliano ya pande mbili ya kusitisha mkataba", na kiasi kilichoandikwa chini kinavutia. Makubaliano ya aina hiyo ni halali, na kuna wakati yanamfaa mfanyakazi. Lakini omba sababu halisi iandikwe humo: kwamba ajira inakoma kwa sababu ya kupunguzwa kazi, kufungwa kwa tawi, au mradi kuisha. Sentensi moja inayotaja chanzo kilichotoka upande wa mwajiri itakurahisishia sana kazi baadaye.

Na barua ya kuachishwa yenyewe ikiletwa, kuna namna ya kuipokea. Ukitakiwa kusaini nakala ya mwajiri, andika neno "Nimepokea", tarehe na saini. Usiandike "Nimekubali". Kupokea ni kuthibitisha kwamba barua imekufikia, na haikufungi kuhusu yaliyomo ndani yake. Angalia tarehe iliyo juu ya barua: kama imeandikwa tarehe ya wiki tatu zilizopita na wewe unapewa leo, andika tarehe ya leo kando ya saini yako. Utaona muda si mrefu kwa nini siku hizo zina thamani.

Vipi kwa aliyekwisha kusaini kwa kushurutishwa? Hajafungiwa mlango wote. Sheria inatambua kwamba mwajiri anaweza kumfanyia mtu kazi isivumilike mpaka akaondoka, na kuondoka huko kukahesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Ila mzigo wa kuonyesha hivyo ni wa mfanyakazi. Meseji za simu, barua pepe, barua za malalamiko alizopeleka kabla ya kuondoka, na majina ya wenzake waliofanyiwa vivyo hivyo, vyote ni ushahidi. Asiyekuwa na chochote cha maandishi atapata tabu. Nasema hivi hasa nikiwafikiria wanawake wanaoacha kazi kwa sababu ya kunyanyaswa na wakubwa wao. Wengi huandika barua fupi ya kujiuzulu "kwa sababu za kifamilia" ili waondokane na aibu. Barua hiyo ndiyo itakayosomwa baadaye, na mimi naona sheria inapaswa kuwaangalia watu hawa kwa jicho la huruma kuliko ilivyo sasa. Mpaka hapo itakapobadilika, kama unaondoka kwa sababu ya unyanyasaji, andika kwamba unaondoka kwa sababu ya unyanyasaji.

Usiondoke mikono mitupu

Ajira inapokoma, mwajiri anadaiwa vitu kadhaa kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo ya 2004: mshahara wa siku ulizofanya kazi, fedha ya likizo uliyoistahili na hukuichukua, malipo ya notisi kama hakukupa notisi yenyewe, na kiinua mgongo. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 au zaidi. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi usiokatika, mwisho miaka kumi, kwa mtu aliyefanya kazi mwaka mmoja na kuendelea. Aliyetumikia miaka saba anadai siku 49. Aliyetumikia miaka kumi na tano anadai siku 70, kwa sababu hesabu inasimama kwenye kumi, isipokuwa mkataba wake au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanampa zaidi.

Kiinua mgongo hakilipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, wala kwa mkataba wa muda maalumu ulioisha kwa tarehe yake.

Aliyeajiriwa Mwanza akahamishiwa kazi Mtwara ana jambo la ziada. Ajira ikikomea mahali ambako siko ulikoajiriwa, mwajiri anatakiwa akusafirishe wewe na mizigo yako mpaka ulikoajiriwa au akupe nauli yake, na akulipe posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri usafiri huo. Waajiri wengi hunyamaza kuhusu hili, na wafanyakazi wengi hawaulizi.

Kisha dai cheti cha utumishi. Ni haki yako, hata kama mmeachana kwa ugomvi. Pamoja nacho, toka na nakala ya mkataba wako, hati za mishahara za miezi ya karibuni, na barua ya kuachishwa. Siku ya kwanza ya habari mbaya ndiyo siku ya kuvikusanya, kabla kitambulisho chako cha getini hakijazimwa na anwani yako ya barua pepe ya kazini haijafungwa. Kama hati zako za mshahara zilikuwa zinatumwa kwa barua pepe, zihamishe au zichapishe mapema. Mkataba ulioisha muda wake usiutupe. Kwa mtu wa mkataba wa miaka miwili ambao haukuhuishwa, karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba ajira ilikoma yenyewe na hakuacha kazi.

Siku 30 za CMA

Kama unaamini umeachishwa kwa sababu isiyo halali, au bila kufuata utaratibu, pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana kwa herufi zake, CMA. Ina ofisi mikoani, haitozi ada ya kufungua shauri, na huhitaji wakili ili usikilizwe. Lakini muda wake ni mfupi: mgogoro kuhusu kuachishwa kazi unatakiwa uwasilishwe ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Madai mengine ya kikazi, kwa mfano mshahara ambao hukulipwa, yana siku 60.

Siku 30 huisha upesi kuliko mtu anavyodhani. Wiki ya kwanza ni ya mshtuko. Ya pili mtu anaomba kuonana na bosi mkubwa ili wayamalize kindugu. Ya tatu bosi anasema "tunalishughulikia, subiri bodi ikae". Ya nne inapita mtu akisubiri bodi. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi hesabu ya siku, kwa hiyo zungumza naye ukipenda, huku fomu ikiwa imekwisha kufika Tume.

Fomu inayotumika ni CMA namba F1. Humo unaeleza wewe ni nani, mwajiri ni nani, nini kimetokea na unataka nini: kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Nakala yake unampelekea mwajiri kwanza, akusainie kwamba ameipokea, ndipo unaipeleka Tume pamoja na uthibitisho huo. Shauri huanza kwa usuluhishi, watu wakikaa mezani na msuluhishi kujaribu kupatana. Wasipopatana, huenda kwenye uamuzi, ambako ushahidi husikilizwa na mwamuzi hutoa tuzo. Aliyechelewa kwa sababu ya msingi, tuseme alikuwa amelazwa hospitali, anaweza kuomba aongezewe muda, lakini atalazimika kueleza kila siku iliyopita. Na mtu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita hawezi kutumia kifungu cha kuachishwa isivyo halali, ingawa madai ya mishahara na likizo anabaki nayo.

Kufungua mgogoro hakukuzuii kuandaa madai yako ya NSSF. Ni safari mbili tofauti, na karatasi zile zile zinatumika kote kuwili. Tengeneza nakala za kutosha.

Je, michango yako ipo?

Kabla hujapanga foleni ya fao, pata taarifa ya michango yako, ile inayoonyesha mwezi kwa mwezi mwajiri alipeleka kiasi gani. Unaweza kuipata kwa njia ya mtandao wa NSSF au kuchapishiwa kwenye ofisi yao iliyo karibu. Ikae pembeni ya hati zako za mishahara, uzilinganishe mstari kwa mstari.

Jumla ya mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara. Sehemu anayokatwa mfanyakazi haiwezi kuzidi asilimia 10; iliyobaki ni ya mwajiri. Kwa mtu wa mshahara wa shilingi 600,000, hiyo ni shilingi 120,000 kila mwezi, na mwajiri anatakiwa kuziwasilisha ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha. Kuna waajiri wanaokata na wasipeleke. Hati ya mshahara inaonyesha makato, taarifa ya NSSF inaonyesha nafasi tupu. Katika mambo yote ninayoyagusa hapa, hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu fedha hiyo si ya mwajiri kwa namna yoyote ile. Ni mshahara wa mtu, umeshikwa njiani.

Pengo hilo lina madhara ya moja kwa moja kwenye fao. Tuseme umefanya kazi miezi 22, lakini michango iliyofika ni ya miezi 15. Kwenye kumbukumbu za mfuko hujafikisha ile miezi 18, na malipo yako yatahesabiwa kwa namna nyingine kabisa. Ukigundua hivyo, andika barua kwa meneja wa ofisi ya NSSF ya mkoa wako, ambatanisha hati za mishahara zinazoonyesha makato, na uombe mwajiri afuatiliwe. Mfuko una wakaguzi na una mamlaka ya kumdai na hata kumfikisha mahakamani. Usiende na maneno matupu. Maneno hayafunguliwi jalada. Na ukipeleka barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wapo ambao hawakuandikishwa kabisa: wafanyakazi wa majumbani, wahudumu wa baa na migahawa, vibarua wa viwandani wanaofanya kazi miaka mitatu wakiitwa wa muda. Mwajiri kutokuandikisha ni kosa lake. Mfanyakazi wa aina hiyo naye aende NSSF kutoa taarifa, akiwa na chochote kinachoonyesha ajira: kitambulisho, miamala ya mshahara kwenye simu, picha ya karatasi ya mahudhurio. Ni njia ndefu, na afadhali ianze ukiwa bado kazini.

Dirishani

Madai yenyewe hufanywa kwa fomu ya mafao, na hakuna malipo ya kuipata wala kuijaza. Nje ya ofisi nyingi za umma kuna vishoka wanaojidai wana mtu ndani na kwamba faili lako litasukumwa kwa elfu hamsini. Wakwepe, tena usiwape hata nakala ya kitambulisho chako.

Beba barua ya kuachishwa kazi, mkataba, cheti cha utumishi, kitambulisho cha taifa cha NIDA, namba yako ya uanachama, hati za mishahara za miezi ya mwisho, na taarifa za akaunti ya benki iliyo kwa jina lako mwenyewe. Akaunti ya mume, dada au rafiki haitafaa. Mfuko utataka kuthibitisha na mwajiri kwamba kweli ajira imekoma na kwa nini, na utataka kujiridhisha kwamba hujapata kazi nyingine. Ndiyo maana barua ambayo haikutaja sababu hukwamisha madai: afisa analazimika kuandikia mwajiri, na mwajiri aliyekasirika hana haraka ya kujibu. Kama ofisi ya mwajiri bado ina mtu anayekuonea huruma, mwombe akusaidie jibu hilo litoke.

Majina ni chanzo kingine cha kukwama, tena kikubwa. Kadi ya zamani inasema Asha J. Omari, NIDA inasema Asha Juma Omary, benki inasema Asha Juma. Kwa macho ya mtu ni mmoja. Kwa macho ya mfumo ni watatu. Rekebisha hilo mapema. Kutegemea ukubwa wa tofauti, unaweza kutakiwa kuapa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, au kusajili badiliko la jina. Anza na NIDA, kwa sababu taasisi nyingine zote zinafuata huko.

Mtu aliyekuwa kwenye kazi ya msimu, ya ujenzi au ya mradi aseme hivyo mwanzoni kabisa dirishani, maana kundi hilo lina utaratibu wake wa malipo na litahudumiwa tofauti na mwajiriwa wa kudumu.

Watumishi wa umma wako chini ya mfuko mwingine, PSSSF, ulioanza Agosti 2018 baada ya kuunganishwa kwa PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Nao wana fao hili, na mengi niliyoyasema kuhusu barua, majina na kumbukumbu za michango yanawahusu. Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, wenye sheria yake, kwa hiyo msomaji wa Unguja na Pemba aulize huko. Na kwa ndugu zetu wa Kenya, NSSF ya huko haina fao la mwezi kwa mwezi la namna hii. Kinga yao kubwa imo katika Sheria ya Ajira ya 2007, inayompa aliyepunguzwa kazi malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Ni kiasi gani?

Aliyechangia miezi 18 au zaidi hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita. Yule wa shilingi 600,000 atapata shilingi 199,800 kwa mwezi, na kwa miezi yote sita jumla shilingi 1,198,800. Ambaye hajafikisha miezi 18 halipwi kwa mwezi. Hulipwa mara moja asilimia 50 ya michango yake.

Theluthi moja ya mshahara haitoshi kuendesha nyumba Dar es Salaam, Arusha wala Dodoma. Sitaki kumdanganya msomaji. Fedha hiyo inaweza kulipa chumba na unga, au ada ya mtoto mmoja, au nauli ya kuzunguka kutafuta kazi, lakini si vyote pamoja. Kwa hiyo ipangie kazi moja kabla haijaingia. Mimi ningechagua kodi ya nyumba, kwa sababu mtu aliyefukuzwa nyumba hana pa kutunzia hata zile karatasi anazohitaji. Fedha za mwajiri, yaani notisi, likizo na kiinua mgongo, zitakuja kwa mkupuo. Zisiingie kwenye biashara mpya wiki ile ile zilipopokelewa. Wapo watu wa kila aina wanaojua siku unayolipwa, na kila mmoja ana wazo la bodaboda au la kuku wa nyama.

Kuna hasira ya zamani kuhusu fao hili, na inafaa ielezwe. Zamani mwanachama aliyeacha au kuachishwa kazi aliweza kuchukua michango yake yote, lile lililoitwa fao la kujitoa. Julai 2012 mamlaka iliyokuwa ikisimamia sekta ya hifadhi ya jamii ilitangaza kulisitisha. Wafanyakazi wa migodini walikuwa mstari wa mbele kupinga, kwa sababu wanazojua wao: kazi ya mgodi humchosha mtu mwili akiwa na miaka arobaini, na kumwambia asubiri mpaka 55 ni kumwambia asubiri asichoweza kukifikia. Serikali ikarudi nyuma. Miaka sita baadaye sheria mpya ikaleta fao la kukosa ajira badala yake, na hoja ya pande zote mbili haijaisha.

Nawaelewa wanaotaka fedha yao yote. Ni yao. Lakini nimesoma hesabu za pensheni vya kutosha kujua upande wa pili nao una uzito. Ili upate pensheni ya kila mwezi uzeeni unahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka kumi na tano, na hiyo si lazima iwe kwa mwajiri mmoja wala mfululizo. Mtu aliyepunguzwa kazi akiwa na miezi 144 amebakiza 36. Akichukua vyote, anaanza moja akiwa na miaka arobaini na kitu. Fao la miezi sita halifuti historia hiyo. Michango iliyobaki inakaa kwa jina lako, na ukipata kazi nyingine hesabu inaendelea ilipoishia. Mtu ambaye hakupata kazi tena anaweza kuendelea kuchangia kwa hiari kama aliyejiajiri, kwa kiasi anachokimudu kutokana na duka, shamba au ufundi wake. Na aliyekaa miezi 18 bila kazi, sheria inampa nafasi ya kuomba michango yake ihamishiwe kwenye mfumo wa hiari. Akae na afisa wa mafao, aonyeshwe hesabu ya njia zote mbili kwa maandishi, ndipo aamue.

Wanaokudai

Mwezi wa kwanza bila mshahara, benki itaona kabla ya majirani. Kama una mkopo wa mshahara, nenda benki mwenyewe kabla makato hayajakosa, na barua ya kuachishwa mkononi. Uliza swali moja: je, mkopo huu una bima, na bima hiyo inahusisha kupunguzwa kazi? Baadhi ya mikopo ya wafanyakazi ina bima ya namna hiyo, mkopaji aliilipia siku ya kwanza ndani ya makato na akaisahau. Bima hizo zina muda wa kutoa taarifa, kwa hiyo kuchelewa kunaweza kukugharimu. Kama haina, omba ratiba ya malipo ipangwe upya. Mkopaji anayekuja mwenyewe husikilizwa kuliko anayetafutwa. Kwenye SACCOS ya kazini, angalia kama akiba yako inafuta deni au inazidi, na usimwache mdhamini wako agundue habari kwa makato ya mshahara wake. Huyo mpigie simu siku hiyo hiyo.

Wanufaika wa mikopo ya elimu ya juu wanakatwa asilimia 15 ya mshahara na mwajiri kwa ajili ya Bodi ya Mikopo. Makato yakikoma, deni halikomi. Iarifu Bodi kwa maandishi kwamba ajira yako imesitishwa, na uambatanishe barua.

Kadi ya bima ya afya nayo ina mwisho wake. Uliza tarehe ambayo wewe na wategemezi wako mtaondolewa, hasa kama nyumbani kuna mjamzito, mtoto mwenye selimundu au mzazi mwenye sukari. Dawa za miezi ijayo zichukuliwe na vipimo vilivyoahirishwa vifanyike kadi ingali hai.

Kazi mpya ikipatikana

Jiandikishe na Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, ulio chini ya wizara yenye dhamana ya kazi. Huduma yake kwa mtafuta kazi ni ya bure. Kazi ikipatikana katikati ya ile miezi sita, iarifu NSSF mara moja, kwa kuwa fao ni la asiye na ajira na mwajiri mpya ataanza kuleta michango yenye jina lako huku malipo yakiendelea kutoka. Kwenye fomu ya mwajiri mpya, andika namba yako ile ile ya uanachama. Waajiri wengine, kwa uvivu au kwa kutokujua, humwandikisha mtu upya kama aliyeanza maisha leo, akapewa namba ya pili, na michango ya miaka yake ya nyuma ikabaki peke yake kwenye namba ya kwanza. Baada ya miezi miwili mitatu ya kazi mpya, omba tena taarifa ya michango, na uhakikishe mwezi wa kwanza wa mwajiri huyu umeandikwa chini ya mwezi wa mwisho wa yule wa zamani.